Macho ya Mjusi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na vitanda, Nyati alimpikia mkewe mchuzi wa kunde. Mkewe alikuwa na homa. Akaonja, akakunja uso.

“Baba Tumbi, chumvi yote umeimwaga humu?”

Wakacheka. Hilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida nyumbani mwao.

“Nipe maji basi.”

Chemchemi zilikuwa mbili, ya juu na ya bondeni, na ilisemekana moja imeingia sumu. Ipi? Nyati akawauliza jirani zake, Mjusi na Kinyonga.

“Chota ya bondeni,” Mjusi akajibu, chap!

“La, bwana!” Kinyonga akapinga. “Bondeni vyura wamekufa. Nimewaona!”

“Nitazameni,” Nyati akaamuru. “Mwongo hawezi kutuliza macho.”

Mjusi akamkodolea, kodo! Hakupepesa hata mara moja. Kinyonga jicho moja likaenda darini, la pili mlangoni.

“Vyura umewaona kwa jicho lipi, wewe? La darini au la mlangoni? Toka!”

“Baba Tumbi,” mkewe akaita kwa sauti ndogo, “si ungeyatazama kwanza maji yenyewe?”

“Macho yameshasema, mke wangu.”

Akakimbia bondeni, gidi gidi gidi! Akachota, akarudi. Kando hakutazama. Mkewe akanywa kibuyu chote, akamshukuru.

Jua lilipozama, Nyati alikuwa mgane.

Juu ya ukuta Mjusi akacheka, tse tse tse! “Nipepese nini, mzee? Mimi sina kope! Nimezaliwa hivi. Na mbu wa chemchemi ya juu ni chakula changu, sitaki kwato zako pale.”



Asubuhi yake Nyati alikwenda kwa Kinyonga, akasimama mbele yake, akafumba macho.

“Niambie tena.”

“Nini, bwana?”

“Yale ya jana. Yote.”

Kinyonga akayasema yote, macho yakimzunguka. Nyati akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda hadi chemchemi ya juu, akayatazama maji kwa muda mrefu, akajaza kibuyu, akaenda kukiweka kando ya kitanda kitupu.

Nami naishia hapo, wanangu: macho kila mmoja amezaliwa na yake, ukitaka ukweli wa maji, yatazame maji.