Ukuta Wenye Jasho

“Ukuta wenye jasho haupakwi rangi.” Mmeusikia msemo huu leo, wanangu, mkataka kujua umetoka wapi. Ulizaliwa hapahapa Lushoto, katika jengo la maduka la Mzee Shemdoe, na ulianza hivi.

Katika jengo lile Bi Zaujia alishona nguo za harusi. Mwaka huo alikuwa na kitambaa cheupe alichokiacha marehemu dada yake, ili Kidawa, binti wa marehemu huyo, aje aolewe nacho. Kingine kama hicho hakikuwapo.

Jengo lilikuwa na mazoea yake. Baridi ikianza, wapangaji waliziba matundu ya hewa kwa magunia, wakafunga madirisha, na vitambaa vilivyoloweshwa ili visije vikafupika baada ya kushonwa wakavianika humohumo ndani. Ukungu ukiota ukutani, Mzee Shemdoe alileta rangi, watu wakasifu. Haukupita muda, madoa meusi yakachungulia tena.

Asubuhi moja Zaujia alikunjua kitambaa, akaona kidoa cha ukungu pembeni kabisa, mahali pa kukatwa. Akaufuta ukuta kwa kanga. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umelowa tena, na mvua haikunyesha. Akatazama nguo zinazochuruzika juu ya kichwa chake, akaelewa: maji yale yalikuwa yao wenyewe.

Mzee Shemdoe alipofika na fundi mpaka rangi, Zaujia, ambaye hakuzoea kupandisha sauti, alisimama mlangoni.

“Nipishe, mwanangu. Wageni wa harusi walikute jengo linang’aa.”

“Shikamoo, baba. Mwenye homa ukimvika kanzu mpya, amepona? Ukuta huu unaloweshwa na nguo zetu; tufungue matundu na madirisha kwanza.”

Mama Hiza, jirani yake mwenye ulimi mkali, akadakia, “Kwa hiyo sisi tufe na baridi, ukuta upone?”

“Tutavaa masweta, dada. Aliyenunua kitambaa hiki yuko kaburini. Nikienda kununua kingine nitamwambia nini?”

Mzee Shemdoe akapanda kigoda, akavuta gunia la kwanza kwa mkono wake. Vumbi likamwagikia kofia, hata Mama Hiza akacheka.

Nguo zikahamia barazani, chini ya bati. Kuta zikasuguliwa kwa sabuni, makabati yakasogezwa yasiziguse, madirisha yakafunguliwa kila asubuhi. Wapita njia waliwakejeli kwa kushona wamejitanda mablanketi. Kuta zilipokauka kabisa, ndipo rangi ikapakwa.

Siku ya harusi Kidawa alitoka amevaa gauni la kitambaa cha mama yake, jeupe kama maziwa. Mama Hiza aliinama, akakagua pindo lote akitafuta doa. Alipolikosa, akainuka na kupiga kigelegele cha kwanza, na Zaujia akalia mbele za watu bila kujifunika.

Baridi iliyofuata, mwenye maduka ya jirani alikuja kumuulizia fundi mpaka rangi wa jengo lile, maana kuta zake zilikuwa zimeota ukungu. Mama Hiza alimtazama juu mpaka chini, akamjibu kama mtu aliyejua tangu zamani:

“Fungua madirisha kwanza, baba. Ukuta wenye jasho haupakwi rangi.”