Rubani Aliyekalia Mikono Yake

Haya, kaeni, watu wa Mungu. Na msiniangalie hivyo, sijafa, nastaafu tu. Mama zangu wa pale mbele wameshatoa leso kabla sijafungua mdomo. Zirudisheni mkobani, leo nina furaha. Leo nakabidhi usharika huu kwa mchungaji mpya, na mnamjua, maana mmemlea wenyewe humu humu. Lakini kabla sijashuka nina mfano mmoja, na huu mtanivumilia, ni wa mwisho kutoka mimbari hii.

Kulikuwa na rubani mmoja. Alifanya kazi kwenye kampuni ndogo, akirusha zile ndege zenye mapanga yanayozunguka, tunazoziita pangaboi, kwenda na kurudi kwenye miji ya mikoani. Sasa, kwa marubani ukubwa hauhesabiwi kwa mvi, wala kwa safari ulizoruka tangu uzaliwe. Unahesabiwa kuanzia siku uliyoingia kwenye kampuni ile. Aliyetangulia kuingia ndiye mkubwa. Ndiye anayechagua safari, ndiye anayechagua likizo, ndiye anayetangulia kupata kiti cha kushoto, kiti cha kapteni. Rubani wetu alikuwa wa kwanza kabisa kwenye foleni hiyo. Krismasi alikula pilau nyumbani kwake, wadogo zake wa kazini wakiruka.

Halafu kampuni ikafungwa. Ndege zilichakaa, mwenye kampuni akachoka, milango ikafungwa. Na yule wa kwanza kwenye foleni akajikuta hana foleni.

Akaenda kuomba kazi kwenye kampuni nyingine. Kijana aliyemsaili alisoma vyeti vyake, akasimama kwa heshima.

"Mzee, tunakuhitaji sana. Marubani hawatoshi. Ila utaratibu wetu nadhani unaujua."

"Naujua. Mkiani."

"Mkiani, mzee wangu. Kiti cha kulia, rubani msaidizi, kama mwingine yeyote anayeingia leo. Na Krismasi..."

"Nitaruka," mzee akasema. "Nipe kalamu."

Mtaani watu wakapata la kusema. Aliye juu mngoje chini, wakasema, na kwa rubani msemo huo ulikolea kweli kweli, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe akamuuliza, "Baba, utaweza kweli kuitwa msaidizi?" Akamjibu, "Mke wangu, mimi nataka kuruka. Hilo la kuitwa tutaliona huko huko."

Ninyi mngekubali? Hebu mwalimu wa kwaya niambie, ukihamia usharika mwingine, utakubali kuimba mstari wa nyuma? Unacheka. Hujajibu, lakini.

Siku ya safari yake ya kwanza akafika kwenye ndege, akamkuta kapteni wake ameshatangulia. Mwanamke kijana, mistari minne begani. Mzee akasimama palepale kwenye ngazi. Binti yule, ni mzee mwenyewe aliyemfundisha kurusha ndege! Tangu hajui kuwasha injini, tangu anatua ndege inaruka ruka kama mbuzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

Akakaa kulia. Wakaruka. Huko juu binti akampa ndege airushe yeye, na mzee akairusha vizuri sana, raha mustarehe. Kazi ikaja wakati wa kushuka.

Hapa niwaeleze jambo moja, msipotee. Mbele ya kila kiti kuna usukani, na zote mbili zimeunganishwa. Ukivuta wa kulia, wa kushoto nao unavutika. Kwa hiyo marubani wana desturi. Anayepokea ndege husema, "Nimeshika." Anayeiachia hujibu, "Umeshika," kisha huondoa mikono. Wao husema kwa Kiingereza, mimi nawatafsiria. Lakini lazima neno la kuachia lisemwe, lisikike, na mikono iondoke.

Uwanja waliokuwa wanauendea uko ubavuni mwa mlima, na siku hiyo upepo ulikuwa unavuma kutoka pembeni. Binti akaweka mikono kwenye usukani.

"Nimeshika."

"Umeshika," mzee akasema.

Akasema kwa mdomo. Mikono yake, ndugu zangu, haikusikia. Vidole viwili vilibaki pale pale kwenye usukani. Kwa nini? Kwa upendo! Msidhani ni ubaya. Aliuona upepo, akaiona njia ya kutua inavyosogea, akasema moyoni, nimsaidie kidogo tu, hata hatajua.

Binti akajua. Hakugeuza hata shingo.

"Mwalimu, nausikia mkono wako."

Vidole havikutoka.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema ndege yenye mabwana wawili haina hata mmoja. Naomba uondoe mkono wako."

Mmeona mtihani huo? Nyuma yao kuna abiria wamefunga mikanda, mama na watoto, hawajui lolote. Upepo unasukuma. Mzee anajua kwamba mikono yake inaujua upepo ule kuliko ya binti. Na anajua pia kwamba wakivutana, mmoja kushoto na mwingine kulia, ardhi iko chini inawasubiri wote. Afanyeje? Aendelee kushika, aonekane mwamba? Au aachie, na kama binti akikosea, wakosee wote?

Aliinua mikono yake. Na kwa sababu hakuiamini, akaikalia. Mtu mzima, mvi kichwani, amekalia mikono yake kama mtoto wa darasa la kwanza aliyekatazwa kugusa uji.

Lakini mdomo hakuukalia, sikilizeni vizuri hapo. Macho yake yalikuwa nje. Akaona upepo umezidi, ndege inahama njia. Akasema, na sasa hakumwita binti.

"Kapteni, upepo unatutoa njiani."

"Nimesikia. Tunapaa tena."

Injini zikanguruma, ndege ikainuka, abiria wakaanza kumwita Yesu hata wale wa dini nyingine. Wakazunguka mlima. Wakarudi. Mara ya pili binti aliishika ndege ile akaiegemeza kwenye upepo, akaituliza, akaiweka chini taratibu, tairi moja kisha la pili. Na mzee bado amekalia mikono, machozi yanamtoka.

Walipokuwa wanateremka, bibi mmoja mwenye kikapu akamshika mzee mkono.

"Baba, Mungu akubariki. Nilipoona mvi zako kule mbele nikasema moyoni, leo tutafika."

Jamani! Hapo ndipo penye mtego. Upepo mzee ameushinda, sasa amekuja bibi na kikapu. Angenyamaza tu, sifa zingekuwa zake. Nani angejua?

"Bibi," akasema, "mimi nilikuwa nimekalia mikono. Aliyekushusha ni yule pale."

Bibi akatazama. "Yule msichana?"

"Yule Kapteni." Halafu mzee akashindwa kujizuia, akatoa kifua mbele utadhani ndege ameiunda yeye. "Na nimemfundisha mimi!"

Mnacheka. Chekeni, mimi sikumcheka mzee huyo. Fahari ile ninaijua. Wako watu wasioona fahari mpaka waketi kiti cha mbele, na mtu mwingine akikikalia wanaugua. Mzee huyu alikaa mkiani, akatoka pale akitembea kama bwana harusi. Ni kwa sababu alikuwa na kitu cha kumwonyesha bibi yule.

Sasa tuje kwetu sisi. Baba, umempa kijana wako shamba, umesema mbele ya ukoo, hili ni lako. Mbona kila alfajiri uko kule unamhamishia migomba? Mama mkwe, umemkabidhi mkamwana jiko, asante sana, lakini mwiko uko mkononi mwa nani? Tunajua kusema "umeshika". Sisi Waswahili kwa kusema hatujambo. Vidole viwili ndivyo vinavyobaki.

Na wewe mzee wangu wa kanisa, sikutaji, uliyekuja kwangu jana. Ulikaa sebuleni, ukanywa chai, ukasema, "Baba Mchungaji, huyu binti mchungaji ni mzuri, lakini ni mtoto. Mambo makubwa tutakuwa tunakuletea wewe kimya kimya." Nikacheka. Na nisiwafiche, nilifurahi! Nililala nimefurahi. Asubuhi nikaiangalia mikono yangu.

Basi jibu langu nakupa leo, mbele ya wote. Usiniletee. Ukija na neno la usharika, nitakupa chai, nitakupa na ndizi, nitakuuliza habari za ng'ombe. Nikiona upepo, nina mdomo, nitamwambia Mchungaji mwenyewe, tena nitamwita Mchungaji. Mikono nitaikalia.

Binti, simama wakuone. Huyu, ndugu zangu, nilimfundisha kipaimara kwenye chumba kile cha nyuma, alikuwa anauliza maswali mpaka nakimbilia chooni. Siku aliyobarikiwa kuwa mchungaji tulimwekea mikono kichwani, askofu na sisi wachungaji wenzake, na yangu ilikuwepo, naikumbuka. Kuweka mikono kuna sherehe, kuna kwaya, kuna na picha. Kuiondoa hakuna mtu anayekupigia picha. Lakini tazameni jinsi tunavyobariki kila Jumapili mwisho wa ibada: mikono iko juu, mitupu, haijashika kitu.

Baraka za leo atatoa yeye. Mimi nakwenda kukaa pale, kiti cha kulia, karibu na dirisha. Na Jumapili ijayo, mgeni yeyote akiniuliza nje ni nani yule aliyehubiri vizuri, jamani, mniwie radhi, kifua nitakitoa.

Mchungaji, umeshika.