Kalunguyeye na Kiwanja cha Korongoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitikia kama hamjala. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Leo sina ya kuchekesha. Anayetaka kucheka akacheke kwao.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji wa wanyama, bara kabisa. Ukitaka kuiona bahari, utembee miezi mitatu. Katikati ya mji lilipita korongo kavu, mchanga mtupu na kidimbwi kimoja. Mkuu wa mji alikuwa Ngiri, naye ndiye aliyegawa viwanja.

Kalunguyeye, mama wa watoto watatu, hakuwa na kwake. Leo alale chini ya gogo, kesho afukuzwe. Akaenda, akaenda, hata kwa Ngiri.

"Shikamoo, mzee. Naomba kiwanja."

"Marahaba, mama. Viwanja vimekwisha. Kimebaki kimoja, kule korongoni. Mchanga laini, kuchimba raha mustarehe."

Sasa Kaa alikuwapo pale, kati ya wanyama waliokusanyika. Kaa huyu kwao pwani. Alipanda na mto, upande upande, mwaka mzima, mpaka bara. Akainua gando.

"Msimpe! Kwetu pwani tuna sheria. Pale maji yalipowahi kufika, hujengi. Unarudi nyuma hatua sitini, ndipo unachimba."

"Hiyo ya kwenu pwani," akasema Ngiri. "Hapa bara. Bahari iko wapi?"

Wanyama wakacheka. Kwa! Kwa! Kwa!

"Na hilo korongo alilichimba nani?" akauliza Kaa. "Si maji?"

Ngiri akakuna shingo. Akasema, "Sheria ya pwani ni ya maji ya chumvi. Korongoni kuna dimbwi limebaki. Kalunguyeye, kaonje. Likiwa na chumvi, tutaifuata sheria. Likiwa halina, kiwanja chako."

Kalunguyeye akashuka, akalamba. Kweli, maji matamu. Naye kiwanja alikitaka, jamani. Msimlaumu sana, watoto walikuwa wanalala nje. Akarudi.

"Hayana chumvi. Hata chembe."

"Mmesikia? Sheria haituhusu!"

Vigelegele vikapigwa. Kaa akatikisa macho yake.

"Mama, sheria ile haikuwekwa kwa ajili ya chumvi. Iliwekwa kwa sababu tulizika wengi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja. Kupona hamtaki."

Akaondoka, upande upande.

Kalunguyeye akachimba. Chaka, chaka, chaka. Watoto wakaingia ndani, wakalala, wakanenepa. Mama akafurahi, akaimba. Ndiyo, aliimba, maskini.

Siku moja, jua la utosi, Kalunguyeye alipanda ukingoni kutafuta wadudu. Mjini halikuanguka hata tone. Mvua ilinyesha huko milimani. Mara akasikia, vuuu. Akainua kichwa. Vuuuuu!

Akashuka mbio. Akamng'ata mtoto mmoja ukosi, akampandisha. Akageuka awafuate wawili. Hakuna pa kushukia. Maji! Maji tupu, ya rangi ya udongo, yanaburura miti. Shimo halipo. Watoto wawili hawapo.

Akaita. Akaita mpaka sauti ikakatika.

Ngiri akaja, akasimama mbali na maji.

"Pole, mama. Kazi ya Mungu. Lakini mimi sikukosea. Onja haya maji, hayana chumvi."

Kalunguyeye hakuonja. Machozi yalimtiririka yakaingia mdomoni. Akayalamba.

"Chumvi ipo, mzee," akasema. "Imechelewa tu."

Ngiri akainamisha kichwa, akaenda zake.

Basi, wakubwa kwa wadogo, lishikeni hili. Sheria iliyowekwa na waliozika, usiulize ni ya wapi. Uliza iliwekwa kwa nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya ukingo, mama na mtoto wake mmoja.