Panyabuku Alivyonunua Nyumba Kwenye Kisiwa cha Mchanga

Paukwa!

"Pakawa!"

Wa nyuma sikuwasikia. Nanyi watu wazima, mnaojifanya mmekuja kuwasindikiza watoto, itikieni. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiuziana nyumba kwa neno la mdomo, alikuwepo Panyabuku na mkewe, Bi Buku. Walikuwa na watoto watatu. Waliishi shimoni, kando ya kidimbwi cha vyura alichoachiwa Panyabuku na babu yake. Maji yalikuwa mlangoni. Shida ilikuwa moja tu: njia ya nyati ilipita juu ya paa lao.

Nyati wakienda, gidi gidi gidi! Nyati wakirudi, gidi gidi gidi! Udongo unawaangukia machoni. Watoto wanalia. Bi Buku hapati usingizi.

"Baba watoto, nimechoka," alisema. "Nataka mahali penye kimya. Kimya tu."

Korongo akasikia. Kila siku alisimama kando ya kidimbwi akiwatamani vyura, lakini hakuwagusa, kwa kuwa kidimbwi kilikuwa na mwenyewe.

"Bi Buku, kimya ninacho mimi," akasema. "Nina nyumba kwenye kile kisiwa chembamba cha mchanga. Huku bahari kuu, huku maji ya ndani yaliyotulia. Hakuna nyati, hakuna kelele. Nipeni kidimbwi, chukueni nyumba."

"Na maji je?" Panyabuku akauliza. "Hayaingii?"

Korongo akacheka. "Bwana Panyabuku, mimi nimezaliwa pale. Maji hayajanisumbua hata siku moja."

Kesho yake wakaenda kutazama. Zilikuwa siku za maji mafu, bahari ikijaa kidogo na kupwa kidogo. Wakavuka maji ya ndani pole pole, matumbo yakilowa. Nyumba ilikuwa shimo chini ya kijiti kimoja kifupi. Mchanga mweupe, sakafu laini kama unga. Upepo fuu, fuu. Bi Buku akajilaza ajaribu. Papo hapo akakoroma.

Panyabuku akazunguka nje. Akaona mwani mkavu unaning'inia kwenye tawi, juu ya mlango.

"Korongo, mwani umepandaje mtini?"

"Upepo huo."

Akazunguka tena. Akamkuta Bi Kaa anachimba. Chaku, chaku, chaku.

"Hodi, jirani. Unajenga?"

"Najenga."

"Na nyumba yako ya zamani?"

"Ipi? Ya jana au ya juzi?" Bi Kaa akazama shimoni, hakutoka tena.

Panyabuku akarudi mbio. "Mke wangu, twende zetu. Mahali hapa sipaelewi."

"Wewe ukiona kivuli chako unasema chui," Bi Buku akasema. "Nimelala, baba watoto. Leo nimelala!"

Panyabuku akayatazama macho ya mkewe, jinsi yalivyotulia. Akaona haya kuitwa mwoga. Akasema, "Haya." Neno likatoka. Kidimbwi kikawa cha Korongo.

Wakahamia. Bi Buku alilala, watoto walilala. Panyabuku hakulala. Jioni alikwenda pale maji yalipoishia, akachomeka ufito. Kesho yake ufito umezama. Akachomeka mwingine, karibu zaidi na mlango. Kesho yake nao umezama. Akachomeka mwingine, karibu zaidi. Nao ukazama.

"Mama watoto, bahari inatujia."

"Bahari ina kazi zake. Acha kunihesabia mawimbi."

Ikaja asubuhi moja, Panyabuku akatoka nje, bahari haipo! Imekimbia kule mbali, miamba iko wazi, maji ya ndani yamekauka kabisa. Bi Buku akacheka mpaka akashika mbavu. "Unaona? Bahari yako imekuogopa!"

Panyabuku hakucheka. Akamwendea Bi Kaa. Akamkuta anapanda kilima cha mchanga, haraka haraka.

"Bi Kaa, bahari imekwenda."

"Imekwenda mbali?"

"Mbali mno."

"Basi na kurudi itarudi mbali. Leo bamvua, siku ya maji makubwa kupita zote. Ikifika alasiri, usiwe pale chini."

Panyabuku akakimbia nyumbani. "Mke wangu, tuvuke sasa! Sasa kukavu!"

"Watoto wamelala. Kama unaogopa, vuka peke yako."

Angeweza kuvuka. Hakuvuka. Alikaa mlangoni, akaitazama bahari.

Alasiri ikafika. Kwanza kikaja kiuzi cheupe, kule mbali. Kisha swaa! Kikawa karibu. Swaa! Ufito wa mwisho haupo. Akageuka nyuma, na maji ya ndani nayo yanapanda. Swaa huku, swaa huku.

"Mama watoto, toka! Toka!"

Maji yakaingia nyumbani. Bi Buku akatoka na mtoto mmoja mdomoni, akapanda kijiti. Panyabuku akampandisha wa pili. Akarudi ndani kumtafuta wa tatu, maji kifuani, anapapasa gizani, hayupo, hayupo, huyu hapa! Akatoka naye, nyumba ikaanguka nyuma yao. Puu!

Wakang'ang'ania tawi, wote watano. Maji yakapanda. Yakagusa mikia. Tawi likalia, kwaa.

Mara akaja Korongo, chwa, chwa, chwa, anavua samaki juu ya chumba chao.

"Korongo! Tunakufa maji!"

"Maji?" Korongo akatazama chini. "Maji gani? Haya?"

Yalikuwa yamemfika magotini. Panyabuku akaitazama miguu ile, mirefu, myembamba. Akaelewa. Korongo hakuwa amesema uongo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Korongo akawahurumia watoto. Akawabeba mgongoni, akaruka nao mpaka bara. Wazazi wakabaki juu ya tawi.

"Nilikuita mwoga," Bi Buku akasema.

"Shika tawi, mke wangu."

Jua lilipokaribia kuzama, maji yakapungua. Wakaogelea, wakafika bara wakitapika chumvi, wakawakumbatia watoto wao. Wakamwomba Korongo awarudishie kidimbwi.

"Samahani," Korongo akasema, huku akimeza chura. "Neno ni neno."

Basi wakachimba shimo jipya kilimani, penye mawe. Maji ya kunywa wanayafuata mbali, kwenda na kurudi, kila siku. Na tangu hapo Panyabuku akiamka, kabla hajamsalimu mtu, hupapasa sakafu. Akiona kavu, ndipo anapumua.

Watoto, na nyinyi wakubwa, shikeni hili: ukinunua nyumba, usimuulize habari za maji mwenye miguu mirefu. Muulize atakayelowa kama wewe. Na mwenzako akikuambia anaogopa, msikilize kwanza, umcheke baadaye.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeisikia aende nayo kwao.