Kilima Kisichotakiwa

Kwenye ukuta wa ofisi nyembamba ya maabara ya fizikia palibandikwa grafu ya mtafiti mmoja, na kila aliyepita aliisifu. Ilikuwa kazi ya miaka mitano. Protoni mbili zikigongana kwa kasi kubwa, huweza kuzaliwa chembe iitwayo mesoni vekta, nayo, kabla ya kufumba na kufumbua, huvunjika ikawa chembe mbili: moja ya chaji chanya, nyingine ya chaji hasi. Mtafiti alikusanya jozi hizo, akapiga hesabu ya uzito wa kila jozi, na palipo na mesoni grafu ikainuka kilima. Shahada yake yote ilitegemea kilima hicho.

Jumatatu moja alijaribu jozi za chaji zinazofanana, ambazo mesoni ile haiwezi kuzizaa. Grafu ingepaswa kuwa tambarare. Loo! Kilima kingine kikachomoza. Ikiwa kilima huota hata pasipo mesoni, basi hata kile cha kwanza huenda ni uongo mtupu.

Akaificha grafu ile, akafunga mdomo. Wiki mbili alitabasamu kazini, na nyumbani alikigusa chakula tu akakiacha. Dada yake mkubwa, mshonaji asiyemung'unya maneno, akamkalisha.

“We, umekonda kama uzi. Una nini?”

“Nataka kuacha masomo, dada. Kazi yangu ina kasoro.”

“Umemwambia nani?”

“Wewe tu.”

“Ala! Kesho ukaseme, kabla hujaandika barua yoyote ya kuacha.”

Kesho yake akamwendea fundi wa mitambo ya kunasa chembe, mtu mzima waliyemwita Mjomba Nyaya, akamwonyesha ile grafu aliyoificha. Mjomba akaangua kicheko.

“Mwanangu, hawa ni pacha! Kompyuta imechora njia ya chembe moja mara mbili, ikaioanisha na nafsi yake, ndiyo maana chaji zinafanana. Ugonjwa wa zamani huo, dawa tunayo.”

Wakawaondoa pacha wote. Kufikia adhuhuri kilima kile kibaya kilikuwa kimelala, na cha mesoni kimesimama vilevile. Mtafiti akalia mbele za watu bila haya.

“Ahsante, Mjomba. Sijui nikushukuru vipi.”

“Wiki mbili unateseka, nami niko mlango wa pili! Siku nyingine njoo mapema.”

Shahada aliipata, na shukrani za kwanza katika tasnifu yake akawaandikia dada yake na Mjomba. Kama angeendelea kunyamaza, angejifukuza mwenyewe kwa kosa lisilo lake. Hakika, mficha uchi hazai.