Mwenyekiti wa Safari na Mapaja ya Kuku

Paukwa!
— Pakawa.
Pakawa na kikao!
— Kikao na mwenyekiti.
Mwenyekiti na tumbo!
— Tumbo litangulie, uwongo ufuate, utamu ukae popote penye nafasi.

Haya. Wewe kule nyuma acha kusinzia, ngano hii ina chakula.

Hapo kale, ingawa si kale sana kwa sababu magari yalikuwepo, wanyama wa Bonde la Miiba waliamua kwenda kutembea hifadhini. Safari fupi tu, kwenda, kulala na kurudi. Walikuwa wamesikia kwamba hifadhini kuna watu. Watu wengi, wa kila rangi, wenye kofia pana na macho marefu ya kioo yaliyochomoza mbele ya uso. Wote wamefungiwa ndani ya magari, hawatoki, hawaumi. Unawatazama mpaka unachoka.

"Huku kwetu tuna mchungaji na mkewe tu," alisema Kanga. "Na hao tumeshawazoea."

Sasa, mnajua tulivyo. Sisi hata tukienda kisimani tunaunda kamati. Wanyama wakakaa, na kabla jina lolote halijatajwa Fisi akasimama, akakohoa, akasema, "Nawashukuru kwa kunichagua mwenyekiti."

Ngiri alitaka kuuliza nani kamchagua. Akayaona meno ya Fisi, akapiga makofi. Wote wakapiga makofi.

"Kila mmoja alete chakula cha safari," akasema Fisi. "Tutaweka pamoja, tutakula pamoja."

Ngiri akaleta viazi. Kanga akaleta mtama. Kobe akaleta matango ya porini. Pimbi akaleta ukwaju.

"Na wewe, Mwenyekiti?" akauliza Kobe, ambaye hajui kuficha neno.

"Mimi nachangia uongozi."

Chakula kikatiwa kwenye gunia, gunia likapelekwa pangoni kwa Fisi. Kwa usalama, alisema.

Kikao cha kwanza kilijadili watoke saa ngapi. Fisi akaanza kwa kufungua gunia. "Nakagua kama chakula hakijaharibika." Nyafu, nyafu, gudu. "Hakijaharibika. Kikao kimefungwa."

Kikao cha pili kilijadili wapite njia gani. Fisi akafungua gunia. "Nakagua." Nyafu, nyafu, gudu. "Kiko salama. Kikao kimefungwa."

Kikao cha tatu kilijadili nani akae mbele wakifika kwenye watu. Hicho kilikuwa kifupi, kwa sababu wa mbele alikuwa anajulikana. Nyafu, nyafu, gudu.

Gunia likaanza kulegea mabega. Na hata saa ya kutoka ilikuwa haijapangwa.

Sasa tumtazame Pimbi. Pimbi mnamfahamu: mdogo, mnene, hana mkia wa kutaja, na watu wakitaka kumdharau mtu mfupi wanamwita jina lake. Pimbi hakuwa na haja na hao watu wa kofia. Hifadhini, kwenye miamba ya pale wageni wanapolia chakula cha mchana, aliishi bibi yake. Bibi ndiye aliyemlea, kisha ukame ukawatenganisha. Na binamu mmoja wa Kanga, akaaye huko, alikuwa ameleta salamu: macho ya bibi yanakwenda, anaomba auone uso wa mjukuu wake kabla giza halijaingia kabisa. Pimbi alipozisikia salamu hizo alilia mbele ya wote, wala hakujificha.

Lakini kati ya Bonde la Miiba na miamba ile pana uwanda mtupu, hauna hata jiwe la kujibanza, na juu yake anazunguka Tai. Pimbi peke yake kwenye uwanda ule ni kitoweo. Pimbi chini ya tumbo la Ngiri ni msafiri. Ndiyo maana safari ile kwake haikuwa matembezi.

Jioni ya kuamkia safari Fisi akaitisha kikao cha mwisho. Akasimama, akajifuta mdomo.

"Chakula kimepungua," akasema. "Sijui ni panya, sijui ni nini. Kwa hiyo itabidi tupunguze wasafiri. Pimbi abaki. Kobe naye abaki, anachelewesha."

Kobe akarudisha kichwa ndani. Pimbi akakaa chini palepale. Ngiri akatazama kwato zake. Kanga, ambaye siku zote ana la kusema, akaanza kudonoa vumbi.

Alfajiri Pimbi akaenda pangoni kwa Fisi. Akasimama nje, akabisha hodi kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kama umekuja kulialia, kalie kwenu."

"Sikuja kulia, Mwenyekiti. Nimekuja kukuaga, na kukuombea heri na yale maboksi."

"Maboksi gani?"

"Kumbe hukuambiwa? Basi, yaache. Safari njema."

"Simama hapo hapo. Maboksi gani?"

Pimbi akashusha sauti. "Bibi yangu anakaa pale pale wageni wanapolia chakula. Anasema kila mtu ndani ya gari ana boksi. Na ndani ya kila boksi mna paja la kuku."

Mate yakaanza kumtoka Fisi upande mmoja wa mdomo, kisha upande wa pili. "Kila mtu?"

"Kila mtu. Hata dereva."

"Na kila gari lina watu wengi?"

"Wamebanana, Mwenyekiti. Tatizo ni kuyajua magari yanapokusanyika. Bibi alinifundisha mahali penyewe. Lakini ndiyo hivyo, mimi nabaki."

"Nani kasema unabaki?" Fisi akang'aka. "Kamati imekaa tena usiku. Wewe ndiwe utakayetuonyesha njia."

"Na Kobe?"

"Kobe wa nini?"

"Mwenyekiti akipata mapaja mengi, nani atayabeba? Mgongo mpana kama ule hatuupati kwingine."

Basi Kobe akarudishwa kwenye safari bila kuambiwa sababu, na akashukuru hivyo hivyo.

Wakaondoka. Fisi mbele na gunia begani, maana hakumwamini mtu. Ngiri katikati, Pimbi chini ya tumbo lake. Kobe nyuma, Kanga juu ya Kobe akipiga soga. Walipofika uwandani kivuli cha Tai kikapita juu ya majani, kikarudi, kikapita tena. Pimbi akajibana kwenye mguu wa Ngiri.

"Tembea tu, mdogo wangu," akasema Ngiri. "Nilinyamaza jana. Leo sitasogea pembeni."

Kivuli kikazunguka kwa muda, kisha kikaenda zake.

Jua lilipopanda wakafika njia panda ya hifadhi, barabara pana ya vumbi, na mbele yake kidogo ile miamba. Pimbi akatoka chini ya Ngiri.

"Mwenyekiti, mahali penyewe ndipo hapa. Unalala katikati ya barabara, hutikisiki. Ukisimama, wanafunga maboksi. Ukitoa sauti, wanafunga maboksi."

"Nikilala?"

"Ukilala, magari yanakuja yenyewe. Ila lile gunia, sijui. Watu wakimwona mnyama na gunia wanasema huyu keshashiba."

Gunia likaanguka chini, pu.

"Na sasa, jamani," Pimbi akawageukia wenzake, "tujipange wote barabarani tumzunguke Mwenyekiti, tutagawana mapaja sawa kwa sawa."

Hapo Fisi akawa mkali kweli. "Hapana. Barabara ni ya hatari. Mimi ndiye mwenye dhamana ya usalama wenu. Nendeni kwenye miamba huko, na gunia lenu, msisogee mpaka niwaite."

"Lakini Mwenyekiti..."

"Nimeshaamua."

Wakaenda, Kobe na gunia mgongoni. Fisi akalala katikati ya barabara, akakaa mkao wa kula.

Vuruuu! Gari la kwanza likaja, likasimama, kii. Vioo vikashuka. Vuruuu! Gari la pili likasimama kuangalia la kwanza limeona nini. Vuruuu! La tatu likasimama kuangalia la pili linaangalia nini. Vuruuu, kii. Vuruuu, kii. Mbele yakajaa, nyuma yakajaa, ubavuni yakapanda majani, na Fisi akawa katikati kama mboga kwenye sufuria.

"Kuna nini?" akauliza mtu wa gari la nyuma kabisa.

"Simba," akajibu wa mbele yake, ambaye hakuwa ameona kitu.

"Mimi nimesikia ni chui."

"Mbona naona fisi?"

"Chui yuko nyuma ya fisi. Dereva wetu anajua, tulieni."

Hakuna aliyetaka kuondoka. Nani aondoke, halafu chui atokee, halafu jioni asimuliwe na wenzake? Wakatulia. Wakapiga picha, cha, cha, cha. Mchana ukaingia, na pale wanapolia chakula hapakufikika, maana kila gari lilikuwa limezibwa na gari jingine. Basi wakayafungua maboksi humo humo ndani.

Harufu ikamshukia Fisi. Kuku. Kuku kulia, kuku kushoto, kuku nyuma ya mkia. Ndani ya magari ikawa nyafu, nyafu, gudu. Fisi akameza mate. Nyafu, nyafu, gudu. Fisi akameza mate. Akasema moyoni, wananikagulia. Wanahakikisha hakijaharibika, kisha watanipa.

Mama mmoja mwenye kofia alimaliza paja lake, akaushika mfupa nje ya dirisha. Fisi akapanua mdomo.

"Usitupe," akasema dereva. "Wanyama hawalishwi hapa, ni marufuku."

"Maskini," akasema mama. "Anatabasamu."

Mfupa ukarudi ndani ya boksi. Boksi likafungwa, pa.

Na kule kwenye miamba? Kulikuwa kimya. Meza zote tupu, kivuli chote chao. Pimbi akapanda jiwe la kwanza, akaita. Kikatoka kibibi kidogo chenye mvi, kinapapasa kwa mikono.

"Nani huyo?"

"Mimi, bibi."

Bibi akamshika uso kwa mikono yote miwili, akausogeza karibu sana na macho yake, akautazama kwa muda mrefu. "Mume wangu amekuja," akasema. "Na umekonda. Nani anakula chakula chako?"

Pimbi akacheka, machozi yakamtoka. Alikuwa amefika, na bibi alikuwa bado anamwona. Mengine yote yalikuwa ziada.

Wakafungua gunia. Ngiri akampasulia bibi viazi, Kobe akamletea tango, wakala wote kwa nafasi. Kanga peke yake alinung'unika.

"Tumekuja kuona watu. Mimi nimeona migongo ya magari tu."

"Subiri, mwanangu," akasema bibi. "Hapa ndipo penye choo."

Na kweli. Magari yalipoanza kujinasua moja moja, watu wakaja. Walikuja mbio, wakubwa kwa wadogo, kofia mkononi, mapaja yao wenyewe wameyabana, hakuna aliyepiga picha wala kumtazama mnyama yeyote. Kanga akawatazama mpaka akachoka. Hata leo anasimulia kwamba watu wakiwa porini wana mwendo mzuri sana.

Jioni geti la hifadhi lilikaribia kufungwa. Magari yote yakaondoka kwa pamoja, vuruuu, na vumbi likamfunika Fisi tangu masikio hadi mkia. Akasimama, viungo vimekaza, akajikokota mpaka kwenye miamba. Akalikuta gunia. Akaliinua, likapepea.

"Chakula kiko wapi?"

Pimbi, juu ya jiwe, mkono wa bibi begani, akajibu kwa adabu zile zile za alfajiri.

"Tulikikagua, Mwenyekiti. Kilikuwa hakijaharibika. Kikao kimefungwa."

Ngiri akaanza kucheka, Kobe akafuata, na Fisi kwa njaa hakuwa na nguvu hata ya kuonyesha meno.

Kesho yake msafara ulirudi bila Pimbi. Alibaki awe macho ya bibi yake. Kule bondeni Fisi akaitisha mkutano akatoa taarifa: safari imefana sana, watu walikuja kwa mamia kumlaki mwenyekiti, wengine walishindwa hata kula kwa kumtazama, na Pimbi amepotea kwa kutofuata maelekezo. Wakapiga makofi. Nasikia amechaguliwa tena.

Sasa mafunzo, maana bila mafunzo mtasema nimewapotezea muda. Ngano hii inatufundisha kumheshimu mwenyekiti. Mpe gunia, usimwulize, na akikwambia ubaki, baki. Usimfuate yule Pimbi mwenye maneno mengi, mtoto asiye na nidhamu, mnaona alivyoishia: ameshiba, yuko na bibi yake, na hana hata cheo.

Ngano yangu imefika getini.
— Na geti?
Geti limefungwa.
— Na utamu?
Ukiwa mtamu, tuule wote. Ukiwa mchungu, mpelekeeni Mwenyekiti, aukague.