Kanga Ambayo Haikutoka

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, zamani ya juzi tu ambayo barakoa zake bado zimo kwenye makabati yenu, palikuwa na mtaa uitwao Kidongo. Tegeni masikio. Atakayesinzia hana haki ya kujibu mwishoni.

Kidongo walikuwa na desturi yao: mlango haufungwi mchana. Ukifunga mlango mchana, basi umenuna. Na mtu akinuna Kidongo, mtaa mzima humwendea kumwomba radhi, hata wasiojua kosa lao ni lipi.

Basi ikaja ile homa ya mapafu iliyozunguka dunia. Bwana afya akapita na kipaza sauti: "Naweni mikono kwa sabuni! Vaeni barakoa! Fungeni milango, msitembeleane!" Kunawa, wakanawa. Vibuyu chirizi vikaning'inia kila kona, watoto wakanawa hata wasipochafuka. Barakoa, wakashona. Lakini milango! Bi Mwajabu alifunga wake asubuhi, na kabla ya adhuhuri ua wake umejaa watu. "Bi Mwajabu, tumekukosea nini? Tusamehe, dada yetu!" Na nusu yao wanakohoa.

Bwana afya akashika kichwa.

Hapo akajitokeza Siwema, muuza maandazi, mwanamke wa vicheko. Akasema: "Jamani, tufanye hivi. Ukifunga mlango, tundika kanga nje. Kanga ikiwa nje, maana yake sijanuna, nawapenda, ila kaeni hukohuko! Jioni iingize, asubuhi itoe. Asubuhi isipotoka, tujue mwenye nyumba ana shida."

Weee! Kesho yake Kidongo ikachanua. Kanga nyekundu huku, kanga ya manjano kule, na Bi Mwajabu akatundika doti nzima ili ajulikane kuwa hana kinyongo na mtu. Watu wakafunga milango kwa raha zao. Wakasalimiana kwa kuimba madirishani. Wakaachiana vyakula vizingitini, mtu anabisha hodi na kutimua mbio. Homa ikaanza kupungua.

Sasa, mtaani hapo aliishi Saumu. Saumu alikuwa mjamzito, na mumewe, dereva wa lori, amekwama mpakani. Ng'ambo ya njia aliishi Mshamu. Huyu Mshamu mimi nampenda, lakini ukweli usemwe: alikuwa mmbeya. Nani kapika nini, nani kagombana na nani, yote anayo yeye. Kanga zilipoanza, dirisha likawa kazi yake rasmi.

Asubuhi moja, kanga ya Saumu haikutoka.

"Kanga ya Saumu haijatoka!" akapaza sauti Mshamu.

"Mshamu, tupumzishe na umbeya wako!" wakamjibu.

Mshamu akachukua sufuria na mwiko. Akapiga. Wakamtukana. Akapiga. Wakamzomea. Akapiga mpaka sufuria ikabonyea, sauti imemkauka: "Haijatoka! Haijatoka!" Ndipo madirisha yakafunguka, watu wakatazama. Kweli, haijatoka.

Lakini nani aende? Walikuwa wameshazika wenzao kwa homa ile, na waliogopa. Siwema alikuwa na mama mzee ndani, mgonjwa wa kifua. Mshamu aling'ang'ania dirisha lake kwa woga. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mbali.

Akatoka Chande, msukuma mkokoteni wa maji. Na Chande na Saumu walikuwa hawasemezani! Mbuzi wa Saumu alimaliza bustani yote ya mchicha ya Chande, naye akaapa hadharani kwamba hatakanyaga kizingiti kile maisha yake yote. Akavaa barakoa. Akafika mlangoni. Akasimama. Mtaa mzima roho mkononi, naye bado amesimama. Kisha akakanyaga.

Akamkuta Saumu sakafuni, pumzi juu juu, hata kuita hawezi. Akatandika godoro mkokotenini, akamlaza, akamsukuma kilima chote mpaka zahanati, huku Kidongo inamwimbia kutoka madirishani. Muuguzi akasema: "Mngechelewa kidogo tu, tungewapoteza wote wawili." Saumu akapewa oksijeni, akapona, akajifungua mtoto wa kike. Chande akakaa karantini peke yake, mkokoteni umelala, na yeye hana kazi nyingine.

Kidongo, mtoto hupewa jina na mtu ambaye bila yeye mtoto asingekuwepo. Mtu huyo humwinua mbele ya watu na kulitaja, na tangu siku hiyo ni mzazi wake wa pili. Lakini mikusanyiko ilikatazwa, kwa hiyo mtoto akangoja. Akaota meno bila jina. Akatambaa bila jina. Mtaa mzima ukamwita "Wewe".

Hatimaye bwana afya akapita tena: "Fungueni milango!" Mjue pilau iliyopikwa siku hiyo! Ngoma zikalia, mume wa Saumu karudi, machozi na vicheko pamoja. Saumu akasimama na mtoto. "Haya, nani atamwinua?"

"Mimi," akasema Siwema. "Bila kanga zangu, nani angejua kuna shida? Mlango ungefungwa kama milango mingine."

"Kanga ilikaa kimya, Siwema," akasema Mshamu. "Mimi ndiye niliyepiga kelele. Mlinitukana, sikunyamaza. Na katika mtaa huu hakuna aliyewahi kunipa mtoto nimpe jina, mnasema nitamwambukiza umbeya. Leo umbeya umeokoa roho mbili."

Watu wakacheka, na wengine wakafuta macho.

"Kelele haikumbeba mtu," akasema Chande. "Nyote mlijua. Aliyeingia ni mimi, na nilivunja kiapo changu mwenyewe."

"Ulisimama mlangoni mpaka tukakata tamaa!" akasema Mshamu.

"Nilisimama kwa sababu nilikuwa na hofu na hasira," akajibu Chande. "Nikaingia nazo zote mbili."

Saumu akamtazama Siwema, akamtazama Mshamu, akamtazama Chande, na wote watatu aliwapenda. Na mtoto, asiyejua lolote, akawanyooshea wote mikono.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msiniletee ujanja wa kumpa majina matatu. Kidongo mtoto huinuliwa na mtu mmoja, jina ni moja. Pilau inapoa, Wewe anangoja.

Je, mtoto akabidhiwe nani: aliyewaza, aliyeona, au aliyeingia?